Unakuja tamasha Zanzibar mara ya kwanza? Fuata mpangilio huu

Kila ikikaribia Disemba maswali ni yale yale. Sauti za Busara lini, boti bei gani, nitalala wapi, eti lazima nivae baibui, eti Mkenya anaingia na kitambulisho tu, eti bia hakuna kabisa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nayaandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Mimi naishi huku Unguja mjini, na nnachokiona kila mwaka ni watu kununua vitu kinyumenyume: mtu anakata boti kwanza kabla hajajua tarehe, anakuja bila malazi, halafu usiku wa Ijumaa yuko Malindi na begi kichwani anagonga gesti hadi gesti. Tatizo hapo ni mpangilio, wala sio hela.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho. Mtanzania chukua cha NIDA au pasipoti, na ukichukue chenyewe, picha kwenye simu haitoshi. Hicho ndo kitakupa bei ya mwenyeji kwenye boti na tamashani.
- Ukitokea nje ya Tanzania, pasipoti. Mkenya haingii Tanzania na kitambulisho cha taifa peke yake, yale mambo ya kitambulisho tu ni Kenya, Uganda na Rwanda wao kwa wao. Na kile kikadi cha njano cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani.
- Mgeni asiye Mtanzania aangalie pia bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa nje wawe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa mtu mzima ni dola 44. Masharti ya uraia wako yasome kwenye tovuti yao kabla ya safari, usingoje kuelezwa dirishani.
- Pesa taslimu kiasi, na nyingine kwenye simu.
- Kanga au kikoi kimoja, hata wewe mwanaume. Utaona kazi yake chini.
- Pawabanki.
- Viatu vya kutembelea. Mji Mkongwe unautembea kwa miguu, gari haliingii kwenye vichochoro.

1. Amua unakuja tamasha gani, maana hayafanani

Watu wanasema "tamasha la Zanzibar" kama vile lipo moja. Sauti za Busara ni la muziki, kwa kawaida linafanyika Februari, la kwanza lilikuwa 2004, na sharti lake kubwa ni kwamba kila kinachopigwa kinapigwa laivu. Hakuna msanii anayekuja na flashi akaimba juu ya wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo kama wewe unafuata majina ya redioni tu unaweza kuboreka, ila kama unapenda kumuona mtu anakung'uta ngoma mpaka shati linagandana na mgongo basi hapo ndo pako. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu aliyefariki Aprili 2013, jukwaa lile lilikuwa kama ukumbi wa nyumbani kwake.

ZIFF ni la filamu, Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, limeanzishwa 1997 na tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu. Filamu za kutoka Afrika na nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi, nyingi hutaziona mahali pengine. Hili tulilizoea Julai ila siku hizi linahamahama, limeshafanyika Agosti na limeshafanyika Juni.

Halafu kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Julai. Huu haukuanzishwa na kamati, hauna tiketi wala bangili ya mkononi, ni mila ya watu na kijiji chao. Nimeuwekea hatua yake mwishoni.

Pia zipo sherehe ambazo wageni hawazihesabu ila sisi ndo zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari fataki za Mapinduzi, Kombe la Mapinduzi mwezi huo huo, na siku za Idi viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo ya huku (ndio, na sisi tunayo Kariakoo) vinajaa watoto wamevaa nguo mpya na wanja umewapaka hadi mashavuni. Ukiniuliza mimi, jioni ya Idi pili Mnazi Mmoja inaishinda steji yoyote, na ni bure.

2. Hakiki tarehe NA ukumbi, kila mwaka upya

Usiniambie "mwaka jana ilikuwa wiki ya pili ya Februari". Mwaka jana sio mwaka huu. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka na sasa hivi imeshaingia eneo la Februari. 2027 inategemewa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na 2028 mwishoni mwa Januari, yani Februari karibu yote itakuwa ndani ya mfungo. Tamasha la muziki halipigwi mwezi wa Ramadhani huku, kwa hiyo ratiba lazima isogezwe. Angalia kalenda ya Kiislamu kwanza, halafu ndo ufungue ukurasa rasmi wa tamasha wenyewe, sio bango ulilotumiwa kwenye wasapu bila mwaka.

Na ukumbi pia. Kwa miaka mingi Busara na ZIFF moyo wao umekuwa Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, ila majukwaa ya ziada yanabadilika, mwaka mmoja Forodhani, bustani iliyo mkabala nayo, kuna steji ya bure, mwaka mwingine shughuli zimepelekwa kwengine. Mtu akikwambia "njoo tu Ngome Kongwe utaona" muulize kama ameiona ratiba ya mwaka huu.

Kosa ambalo watu wanalirudia: kukata boti isiyobadilishika kabla ya tarehe kutangazwa rasmi. Matamasha yanategemea wafadhili. Mwaka 2016 Busara haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, na wapo waliokuwa wameshalipia safari. Subiri tangazo.

3. Malazi kabla ya boti

Hapa wengi mnanibishia. Boti zipo nyingi kwa siku, vitanda vya bei ya kawaida karibu na Ngome vinahesabika. Kwa hiyo ukishapata tarehe, siku hiyo hiyo tafuta pa kulala.

Kama unataka kutoka tamashani na dakika kumi uwe kitandani, tafuta Shangani, Vuga, Kiponda au Malindi, zote zimo Mji Mkongwe. Shangani ndo ghali, Malindi iko karibu na bandari na gesti zake nyingi ni za bei ya chini. Kama hela ni ya mawazo vuka barabara ya Darajani uende Ng'ambo, Mlandege, Michenzani, Kikwajuni. Ni mtaani, ni pasafi, chakula nafuu, na kwa miguu bado unafika Ngome bila shida. Wageni wanaogopa Ng'ambo kwa sababu haipo kwenye picha za watalii, ila wenyeji wengi wa mjini ndo wanakoishi.

Usikubali nyumba ya Paje au Nungwi eti kwa sababu ni nzuri na ipo ufukweni. Kila usiku utahitaji teksi ya kukurudisha shamba na itakula bajeti yote, huku saa 5 usiku unaanza kuchungulia saa wakati wanamuziki uliowafata bado hawajapanda. Pwani nenda baada ya tamasha.

Ukiwasiliana na gesti uliza vitu vitatu kwa ujumbe ili jibu libaki kwa maandishi: bei ni kwa chumba au kwa kichwa, feni au eisii (Februari ni kaskazi, joto kali, usiku haupoi), na mlango wa nje unafungwa saa ngapi. Hilo la mwisho ni muhimu. Nyumba za zamani zina lango moja kubwa la mbao, mlinzi akishalala utagonga mpaka paka wote wa mtaa waamke. Na mke na mume mnaokuja pamoja, baadhi ya gesti za familia zinauliza uhusiano, jibuni kistaarabu tu yaishe.

4. Sasa kata boti

Kutoka Dar boti za kasi zinachukua karibu saa mbili. Kuna Azam Marine na Zan Fast Ferries. Ya kwanza ni saa 1 asubuhi. Kata kwenye tovuti au aplikesheni yao, au ingia ndani ya ofisi yenyewe pale bandarini. Hapa pana onyo langu kubwa: barabarani nje ya bandari ya Dar kuna watu wenye vitambulisho shingoni na maneno matamu watakwambia "boti imejaa, mimi ninayo moja". Usimpe mtu hela barabarani, hata akikuita shemeji. Ingia ndani, kata dirishani, jina kwenye tiketi liwe kama la kwenye kitambulisho.

Fika saa nzima kabla, kuna foleni ya mizigo na ya ukaguzi. Mwenye kutapika baharini anywe dawa yake nusu saa kabla ya kuondoka, akae chini na nyuma, asikae mbele juu. Wakati wa kaskazi bahari mara nyingi ni tulivu kiasi, Juni mpaka Agosti ni kusi na boti inacheza kweli, wale wa ZIFF na Mwaka Kogwa mjiandae.

Halafu tiketi ya kurudi. Siku ya mwisho ya tamasha inaisha usiku wa manane na watu wote wanataka boti ya asubuhi yake. Kata kabisa ya kurudi, na usikate ya saa 1 asubuhi kama unajijua. Ya mchana inatosha.

5. Tiketi ya tamasha

Bei ziko kwa madaraja. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, na tofauti hiyo ndo inafanya watu wa Kikwajuni na wenyewe waweze kuingia. Kwa hiyo usimnunulie rafiki yako Mzungu tiketi ya Mtanzania ukidhani umemsaidia, mlangoni wanaangalia kitambulisho, atarudishwa dirishani alipie upya na foleni imeshafika barabarani.

Ukinunua mtandaoni unachopata ni uthibitisho tu, pale unaenda kubadilisha upate bangili ya mkononi. Kabadilishe mchana siku ya kwanza. Mchana dirisha linakuwa na watu watano, saa 1 usiku watu ni utitiri. Bangili ikishafungwa usiivue, ikikatika umeingia hasara, na usiifunge inabana ukasahau kwamba utaoga nayo siku tatu.

Ya siku moja au siku zote? Kama hujawahi kuja chukua zote. Wasanii utakaowapenda zaidi ni wale ambao jina lao hukulijua, na huwezi kukisia watakuwa siku gani.

6. Siku ya kufika, usikimbilie tamashani

Ukishuka bandarini Malindi utakutana na mapapasi. Ni vijana wanaotafuta riziki kwa kukubebea begi na kukupeleka hoteli ambayo itawapa kamisheni, na kamisheni hiyo inaingia kwenye bei yako. Sema "ahsante kaka, nshapangiwa, napokewa" huku unatembea, usisimame kufungua ramani. Simu ina ramani ila ndani ya vichochoro kuta ni ndefu na lokesheni inarukaruka, mara unaonekana upo baharini. Sisi tunaelekezana kwa alama: msikiti, skuli, baraza ya fulani, mti. Muulize muuza duka, anza na salamu, "asalaam aleikum" au "shikamoo" kwa mtu mzima, halafu ndo shida yako. Huku mtu akiulizwa njia bila salamu atakuelekeza, ila kwa mkato.

Weka begi, oga, halafu nenda kautazame ukumbi mchana. Ngome Kongwe utaiona tu, ipo mkabala na bustani ya Forodhani, jengo kubwa la mawe lenye minara, walijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, mwisho wa karne ya 17. Pembeni yake ni Beit al-Ajaib, jumba la 1883, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo ukisikia mtu anatoa maelekezo "pale kwenye nguzo za Beit al-Ajaib" ujue anaongelea ramani ya zamani. Ndani ya Ngome kuna viwanja viwili. Kimoja ni cha majani, wanapofunga jukwaa kubwa, na cha pili kina ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara, hapo ndo ZIFF wanapenda kuweka skrini. Kwenye Busara bendi zinapokezana, huku wanamaliza kule wanaanza, ndo maana unatakiwa ujue njia ya katikati kabla haijawa giza. Angalia vyoo viko wapi. Angalia mlango wa kutokea.

Ukiwa na bahati mchana ule utakuta saundi cheki. Mtu anapiga kamba moja ya gambusi mara arobaini, fundi mitambo anapandisha mkono, anashusha, paka kalala katikati ya jukwaa juu ya waya na hakuna anayemfukuza.

7. Usiku wenyewe

Kula kabla hujaingia. Forodhani ipo mlangoni pale, ikifika magharibi vijana wanaanza kujirusha baharini kutoka kwenye ukuta, wengine kwa sarakasi, na taa za meza za chakula zinawaka. Meza zenye mishikaki ya kamba na pweza imepangwa kwa rangi ni za kupigia picha zaidi. ULIZA BEI KABLA YA KUCHAGUA, kipande kwa kipande, maana watakujazia sahani kwa upole kabisa halafu hesabu inakuja. Mimi huwa naenda kwenye urojo. Bakuli moja: mchuzi wa njano wenye ukali wa ndimu, ndani kuna viazi, bajia, kachori, juu wanakumwagia chipsi za muhogo, chatine ya nazi na pilipili kwa kadri ya ujasiri wako. Juisi ya miwa wanaisaga mbele yako na tangawizi na ndimu. Hizo ndo meza ambazo utaona mama na watoto wake wamekaa, na ukiona wenyeji wamekaa na wewe kaa.

Saa. Ratiba ikisema 19:00 ni saa 1 usiku, kuna watu kila mwaka wanaisoma vibaya. Na saa 1 usiku kweli wanaanza na vikundi vya nyumbani, taarabu, kidumbaki, ngoma. Wageni wanaingia saa 3 wakidhani wamewahi, wakati walichokifuata Zanzibar kimeshapigwa kikaisha. Ingia mapema. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha taarabu cha tangu 1905, ukikutana na jina lao au la Culture Musical Club kwenye ratiba, hiyo saa usiipange kwa kula.

Kanga yako sasa. Itandike kwenye majani au kwenye ngazi za mawe, mawe yale yamekula jua mchana kutwa na yanakurudishia. Ukitoka saa 7 usiku jifunike mabega upite mitaani kwa heshima. Mavazi ndo swali la pili kwa kuulizwa: hapana, hakuna anayekulazimisha baibui. Ndani ya Ngome utaona kila aina ya nguo. Ila njiani unapita mbele ya misikiti na baraza za wazee, mabega na magoti yafunikwe, mwanaume usitembee kifua wazi. Bia inauzwa ndani ya eneo la tamasha, usitoke nayo nje mkononi.

Kupiga picha jukwaani ruksa kwa simu. Kumpiga picha mama aliyekaa barazani kwake bila kumuomba, hapana. Mwambie "naomba picha bibi", akikataa umejibiwa.

8. Mchana usilale wote

Mchana kuna warsha, mazungumzo na shughuli za pembeni ambazo nyingi ni za bure, zimo kwenye ratiba ila hakuna anayesoma ukurasa wa pili. Siku ya maandamano ya ufunguzi kama yapo mwaka huo, yafuate kwa miguu, bendi ya mbwakachoka (beni ya matarumbeta na ngoma) ikipita Michenzani na watoto wote wa mtaa nyuma yake hiyo haina bangili wala mlango.

Alasiri nenda Jaws Corner, njia panda yenye baraza nne ambapo wazee wanakunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wanabishana siasa na mpira na kupiga dhumna. Agiza kahawa na kashata, kaa, sikiliza. Watu wa matamasha wanapita hapo pia, na habari ya nani kachelewa uwanja wa ndege na nani kaongezwa kwenye ratiba mara nyingi hufika hapo kabla haijafika mtandaoni.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilianza 2002 na wanafunzi wake wengi ndo unaowaona wanapiga jukwaani. Wanafanya maonyesho yao hata nje ya msimu wa tamasha. Ukija mwezi usio na tamasha lolote anza na ukurasa wao.

Ijumaa mchana, wakati wa sala, usipange kununua kitu wala kupata teksi. Kaa kivulini.

9. Kwa wale wa Makunduchi

Mwaka Kogwa unafanyika Julai, wiki ya tatu au ya nne, na haufuati mwezi mwandamo, unafuata hesabu ya jua ya Nairuzi (mwaka mpya wenye asili ya Uajemi), ndo maana hauzunguki mwaka mzima kama Idi. Tarehe kamili thibitisha kwa watu wa Makunduchi au wizara inayohusika na utamaduni. Makunduchi iko kusini kabisa ya Unguja, zaidi ya kilomita 60 toka mjini. Daladala ni namba 310. Stendi zimekuwa zikihamishwa, kwa hiyo uliza siku hiyo 310 zinapakilia wapi, na uende asubuhi maana siku ile zinajaa mpaka juu.

Utaona wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mabua ya migomba, wanatoa hasira zote za mwaka hadharani, kisha wanawake wanaimba mashairi ambayo ukielewa Kimakunduchi utacheka peke yako, halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto. Simama upande wa upepo, kaa mbali na migomba kama hujaalikwa kupigana, na simu ishike kwa mikono miwili. Baada ya hapo watu wanakula majumbani na ni heri kwa nyumba kupata mgeni, mgeni njoo mwenyeji apone kwelikweli. Ukikaribishwa ingia, vua viatu, kula kwa mkono wa kulia. Usitoe hela ya chakula. Beba sukari au mkate ukawape, inatosha.

Gari za kurudi jioni ni kwa wenye mbavu. Panga na wenzako teksi moja toka mjini ikusubirini.

Ukikwama

*Gesti imekwambia chumba kimeshachukuliwa.* Usianze kuzunguka Shangani. Vuka Darajani, jaribu Mlandege na Michenzani, halafu Kikwajuni. Kama ni usiku acha begi pahala penye mtu unayemjua, tafuta ukiwa mikono mitupu, mwenye begi anaongezewa bei.

*Umepotea kwenye vichochoro.* Fuata kushuka kwa ardhi au sauti ya magari. Upande mmoja utatokea baharini, mwingine utatokea Darajani, mji wenyewe sio mkubwa. Usiku mfuate mtu mwenye familia au rudi kwenye njia yenye maduka.

*Mtandao umekata ndani ya Ngome.* Watu maelfu wanarusha video kwa wakati mmoja. Kubalianeni mapema pa kukutana, msiseme "mlangoni" kwa sababu mlangoni wako wote. Semeni mti fulani wa Forodhani.

*Mashine za pesa zimeishiwa au foleni ndefu.* Inatokea wikiendi ya tamasha. Toa hela Alhamisi, au tumia wakala wa simu Ng'ambo, kule hakuna foleni.

*Bangili imekatika.* Usiifunge kwa gundi ukajaribu kupita. Kaa na kipande chake na uthibitisho wako wa malipo, nenda dirisha la tiketi, sio kwa mlinzi. Mlinzi hana mamlaka hayo na mkibishana mtapoteza bendi nzima.

*Mvua.* Februari mara nyingi kukavu ila mvua ya ghafla ipo. Ngome haina paa. Funika simu, simama chini ya minara, inakatika. Bendi ikisimamishwa usiondoke, wanarudi.

*Boti imeahirishwa kwa upepo.* Usigombane na dada wa dirishani, sio yeye aliyeuleta. Omba wakuandikie tiketi mpya hapo hapo, usiseme utarudi baadae, mana nafasi za boti inayofuata zinakwisha ndani ya nusu saa, na uwe na hela ya kulala usiku mmoja wa ziada ambayo hukuigusa tangu umefika.